Mwandishi, mtandao ukusome kabla haujakutazama

Mwaka 1923, gazeti la Mambo Leo lilipoanza kuchapishwa Dar es Salaam, watunzi wa mashairi wa Tanganyika walipata uwanja ambao baba zao hawakuwa nao. Mtu wa Tanga aliweza kujulikana Tabora bila kutia mguu huko. Shaaban Robert, karani wa forodha, ni mmoja wa waliosomwa gazetini kabla vitabu vyao havijaingia madarasani. Wasomaji wengi hawakuwahi kuiona sura yake. Walimjua kwa beti zake.

Leo uwanja huo umo kiganjani mwa kila mwenye simu na bando. Kijana wa Sumbawanga anaweza kurusha hadithi baada ya chakula cha usiku, na kabla hajalala ikawa imesomwa Mombasa, Muscat na Minnesota. Lakini fungua kurasa za waandishi wetu chipukizi uone. Utakuta suti, maikrofoni, kompyuta mpakato kando ya kikombe cha kahawa, na jalada la kitabu "kinachokuja hivi karibuni" ambacho kimekuwa kikija tangu mwaka juzi. Maandishi yenyewe utayatafuta kwa tochi.

Nasema hili kwa sababu nawapenda waandishi hawa na natamani wasomwe. Ukurasa wa mwandishi una kazi moja kubwa, nayo ni kumfikisha mgeni kwenye maandishi yake upesi. Mengine yote, kuanzia picha hadi rangi na idadi ya wafuasi, yana maana pale tu yanapoitumikia kazi hiyo.

Jina moja kila mahali

Washairi wetu walijua zamani faida ya kushika jina moja. Mtunzi alichagua lakabu akadumu nayo, na wengi walilitia jina lao katika ubeti wa mwisho ili shairi likisafiri, mwenyewe asipotee. Diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyotoka mwaka 1971 iliitwa Malenga wa Mvita, na hadi leo ukitaja jina hilo unakuwa umemtaja mshairi pamoja na mji wake, Mombasa. Mwandishi Ken Walibora wa Kenya alikuwa pia na jina la Waliaula, ambalo alilitumia katika kazi zake za kitaaluma, lakini Walibora ndilo lililokaa kwenye jalada la riwaya yake, Siku Njema, na ndilo watazamaji wa televisheni na wasomaji wa magazeti walilolizoea. Popote alipotokea, watu walijua ni yule yule.

Sasa mtazame chipukizi wetu. Kwenye jalada ana majina matatu, Facebook anajiita Mfalme wa Kalamu, Instagram ana herufi zilizochanganyika na tarakimu, na barua pepe yake ni ile aliyofungua akiwa kidato cha pili. Msomaji aliyekipenda kitabu chake atampataje? Chagua jina moja, liwe la kuzaliwa au lakabu, kisha lipeleke kila mahali kwa tahajia ile ile. Kabla hujalichagua, liandike kwenye Google uone kama lina mwenyewe.

Sentensi mbili zinatosha

Baada ya jina hufuata utambulisho. Wengi hujaza vyeo: mwandishi, mshairi, mhamasishaji, mjasiriamali, balozi wa vijana, mkurugenzi. Anayesoma orodha hiyo hutoka bila kujua mtu huyu ameandika nini.

Linganisha na utambulisho huu: "Naandika hadithi za maisha ya wavuvi wa Ziwa Victoria. Anza na hii hapa," kisha kiungo. Hapo pana mada, mahali na mlango wa kuingilia. Mhariri anayetafuta mtu wa kuandika kuhusu ziwa atakukumbuka, na msomaji wa Musoma atajiona.

Picha ina nafasi yake. Iwe moja, ya karibuni, uso uonekane, na itumike katika akaunti zote. Asiyetaka kuonyesha sura ana haki hiyo, hasa waandishi wa kike ambao hukumbana na matusi na usumbufu kwa sababu tu wameandika. Jalada la kitabu linatosha kusimama badala ya sura. Na hakuna msomaji anayehitaji kujua nyumba yako iko mtaa gani wala mwanao anasoma wapi.

Msomaji ajue anachokujia

Mtunzi wa riwaya za upelelezi, Elvis Musiba, hakuwa na ukurasa wa Instagram, lakini aliyenunua Kikosi cha Kisasi mwaka 1979 alijua anakwenda kukutana na Willy Gamba, mpelelezi asiyeshindwa. Mtunzi mwenzake, Ben Mtobwa, naye alikuwa na mpelelezi Joram Kiango. Mhusika mmoja aliyerudi kitabu baada ya kitabu alimjengea mwandishi wake wasomaji waliosubiri toleo jipya kwa hamu. Hiyo ndiyo chapa ya mwandishi: ahadi inayotimizwa tena na tena.

Wapo wanaohofia kwamba ahadi ya namna hiyo itawafunga. Wamwangalie mwandishi Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ya mwaka 1971 inasomeka kama riwaya ya kawaida ya binti na jamii yake. Nagona ya mwaka 1990 inavunja karibu kila kanuni ya usimulizi tuliyoizoea. Hata hivyo, msomaji wake hakupotea njia, maana katika zote mbili alikutana na mtu anayeuliza maswali magumu kuhusu maisha bila kuogopa. Mtindo ulibadilika, fikra ikabaki na mwenyewe.

Kwa hiyo jiulize unataka kukumbukwa kwa lipi. Ukiandika leo mapenzi, kesho kilimo cha matikiti, keshokutwa utabiri wa ligi, wafuasi wanaweza kuongezeka, lakini hakuna atakayejua akutafute kwa jambo gani.

Uwe na kwako

Akaunti ya mtandao wa kijamii ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anaweza kubadili masharti au kufunga mlango usiku, na mdukuzi akiingia, maandishi yako yote yanaweza kutoweka kwa siku moja. Ndiyo maana ni busara mwandishi awe na blogu au tovuti yake, hata ikiwa ndogo, yenye wasifu, orodha ya kazi, sampuli za kusoma na namna ya kumpata. Iwe nyepesi. Ukurasa uliojaa video na picha kubwa unamla msomaji bando kabla hajaiona aya ya kwanza.

Historia ya blogu za Kiswahili inatufundisha. Ndesanjo Macha, aliyekuwa na safu ya Gumzo la Wiki gazetini, alifungua blogu yake ya Jikomboe wakati Watanzania wengi hawajui blogu ni nini. Hakuishia kujitangaza. Aliwahimiza wengine wafungue za kwao na kuandika kwa Kiswahili, na ndiyo sababu jina lake hutajwa kila historia hiyo inaposimuliwa.

Kwa Tanzania kuna jambo la kisheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wapate leseni na kuilipia. Kanuni nyingine zilifuata mwaka 2020, nazo zikarekebishwa mwaka 2022. Kabla ya kufungua tovuti yako, ulizia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ujue kama aina ya kazi yako inahitaji leseni.

Simulizi zisizo na mwenyewe

Uwanja mkubwa wa fasihi ya Kiswahili mtandaoni kwa sasa ni simulizi za mfululizo za Facebook na WhatsApp. Mwandishi hutoa sehemu za mwanzo bure, na zinaponoga humwomba msomaji alipie zilizobaki kwa M-Pesa au Lipa Namba. Ni mtindo mzuri, na ni mtoto halali wa hadithi za magazeti zilizoishia na neno "itaendelea". Unamzoesha mwandishi kutimiza miadi, na msomaji kulipia anachokipenda.

Tatizo ni wizi. Simulizi hunakiliwa, jina la mtunzi likafutwa, na baada ya wiki inazunguka kwenye makundi kama mali ya mtu mwingine. Dawa ya kwanza ni ile ya washairi wa zamani: weka jina lako ndani ya kila sehemu, mwanzoni na mwishoni, pamoja na mahali unapopatikana. Ya pili ni kuisajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki ya Tanzania, COSOTA, au Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kwa walioko huko. Ukifikia kuchapa kitabu, omba namba ya ISBN kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ili kitabu kitambulike popote.

Ukiuza, taja bei waziwazi. Msomaji anayeambiwa "njoo inboksi" kwa kila swali huondoka kimya kimya, na hutajua kamwe kuwa alikuja.

Wasomaji ni watu

Jina haliwezi kukua kwa kujisifu peke yako. Soma vitabu vya wenzako, andika uhakiki wa haki, wataje waliokufundisha, mjibu msomaji aliyetumia muda wake kukuandikia. Anayekosoa kazi yako mshukuru au mnyamazie, anayetukana mzuie. Mabishano ya usiku kucha hubaki mtandaoni miaka mingi, na mhariri anayelitafuta jina lako atayakuta.

Usinunue wafuasi. Watu wa bandia hawanunui vitabu, hawaji kwenye uzinduzi, wala hawamwambii jirani kuhusu riwaya uliyoandika. Wasomaji hamsini wanaoulizia sehemu inayofuata ni mtaji halisi.

Na lugha iwe safi. Mwandishi anayeposti sentensi zenye makosa ya tahajia kila siku anatangaza udhaifu wake kwa juhudi kubwa. Kila chapisho, hata la mistari mitatu, ni sampuli ya kazi yako.

Mwishoni mwa wiki hii, tenga saa moja. Tafuta jina lako kwenye mtandao uone mgeni anakutana na nini. Futa yasiyokuwakilisha, unganisha majina yako yawe moja, andika sentensi mbili za utambulisho, kisha weka juu kabisa kazi yako iliyo bora kuliko zote. Ukimaliza, funga simu ukaandike inayofuata, maana wafuasi elfu kumi hawawezi kukuandikia hata ukurasa mmoja.