Simu Haijazeeka, Imefungiwa Ndani

Kibanda cha fundi wa simu Kayole, Umoja au Kariobangi, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hakikosi droo. Ndani yake mna mabodi, vioo, spika na soketi za chaji, vyote vimechambuliwa kwa modeli: hivi vya Tecno, hivi vya Infinix, vile vya itel. Kioo cha mteja kikipasuka, fundi hunyofoa kingine kwenye simu iliyokufa na kazi inaendelea. Kwa upande wa mwili wa simu, Eastlands haina uhaba wa waganga. Mambo hugeuka pale mteja anaposema: "Fundi, haijaanguka wala haijaingia maji, lakini WhatsApp inanikatalia." WhatsApp haikubali tena Android iliyo chini ya toleo la 5, na simu yake ilikwama kwenye la 4.

Hapo fundi atapendekeza kuiflashi. Nairobi, neno hilo lina maana mbili: kumpigia mtu ukakata kabla hajapokea ili akupigie yeye, na kuimiminia simu programu upya. Mara nyingi kinachomiminwa ni programu ileile ya kiwandani. Simu hurudi nyepesi, uchafu umetoka, lakini toleo halijasogea. Ni matatu iliyopigwa rangi mpya, injini ni ya zamani.

Kwa nini kampuni isilete toleo jipya? Ichukue Android kama nyumba ya ghorofa. Chini kabisa ipo keneli ya Linux, inayozungumza na chipu, kamera na antena. Juu yake ipo Android yenyewe, ambayo msimbo wake Google huutoa huria, anayetaka auchukue na kuubadilisha. Juu kabisa ni mapambo na programu za kampuni iliyouza simu. Toleo jipya likitoka, sharti mtengenezaji wa chipu arekebishe msingi, kisha kampuni iliyouza simu irekebishe paa. Kwa simu iliyouzwa kwa faida ndogo, kazi hiyo haimlipi yeyote. Simu inaachwa ikiwa na nguvu zake.

Pengo hilo huzibwa na watu wa kujitolea. CyanogenMod, mfumo huria uliojengwa juu ya Android, ulianza mwaka 2009. Ulipofungwa Desemba 2016, wanajamii wake waliubeba msimbo na kuanzisha LineageOS, ambayo ipo hadi leo. Mwaka 2017 ikatangazwa postmarketOS, inayoweka Android kando na kuleta Linux ya kawaida kwenye simu, kwa lengo la kuipa simu maisha ya miaka 10. Siri ya kazi yao si ya kiufundi sana: kila modeli huwa na mlezi wake. Huyu ni mtu aliye na simu hiyo mkononi, anayejaribu kila toleo, anayeona kamera imegoma na kutafuta sababu. Mlezi akichoka na asipatikane mwingine, modeli huondolewa kwenye orodha.

Kenya imewahi kuonja matunda hayo. Mwaka 2011 Safaricom iliuza Huawei Ideos kwa takriban shilingi 8,000, na kwa Wakenya wengi ikawa simu janja ya kwanza. Ilikuja na Android 2.2 na RAM ya megabaiti 256 tu. Wapenzi wa programu huria waliitengenezea CyanogenMod 7, ikapanda hadi Android 2.3. Waliweza kwa sababu msimbo wa keneli yake ulipatikana.

Leo simu nyingi za mtaani ni Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion, na nyingi hutumia chipu za MediaTek au Unisoc. Leseni ya Linux, yaani GPL toleo la 2, humtaka anayeuza kifaa chenye keneli hiyo ampe msimbo wake mnunuzi anayeuomba. Katika soko la simu za bei nafuu, sharti hilo hupuuzwa mara nyingi. Ndiyo maana orodha ya LineageOS imejaa Pixel, OnePlus, Motorola na Xiaomi, ilhali simu za Kayole ni adimu humo.

Mlango mmoja ulifunguka mwaka 2017. Android 8 ilikuja na mpango wa Treble, uliotenganisha sehemu ya mtengenezaji wa chipu na Android yenyewe. Simu iliyotoka kiwandani na toleo la 8 au la baadaye inaweza kupokea mfumo wa jumla, usiotengenezwa kwa modeli moja, bila kuligusa tabaka la chini. Pengine kamera itasumbua au bluetuthi itakataa, na hapo ndipo mlezi anapohitajika.

Swali la kwanza la kila mteja ni M-Pesa. Programu ya M-Pesa, kama za benki, inaweza kukataa simu iliyobadilishwa, kwa kuwa Google huzipa njia ya kukagua kama mfumo ni wa kiwandani. Lakini menyu ya M-Pesa imo ndani ya laini yenyewe, na *334# hupita kwenye mtandao wa simu. Pesa inayotumwa kwa kabambe, simu ndogo ya vitufe, hutumwa pia kwa simu iliyowekewa mfumo huria.

Yapo ya kuchunga. Kufungua butiloda, lango linalolinda mfumo wa simu, hufuta picha na namba zote, kwa hiyo hifadhi kwanza. Faili la modeli nyingine linaweza kuigeuza simu tofali. Simu ya mkopo usiiguse kabla ya kumaliza deni: tangu Safaricom na Google walipoleta Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, kufuli la malipo limekuwa sehemu ya mfumo na ya mkataba. Kubadilisha mfumo hakubadilishi IMEI. Anayejitolea kukubadilishia IMEI anakuingiza kwenye kosa la jinai. Tena usidhani kila tundu limezibwa: programu za ndani ya chipu hubaki za zamani hata Android ikiwa mpya.

Sasa turudi kwenye droo. Mlezi wa LineageOS Ulaya anaweza kuwa na simu moja tu ya modeli yake, nayo ndiyo anayoitumia kila siku. Akikosea, amekosa simu. Fundi wa Umoja anaweza kuwa na bodi sita za modeli moja, hai na nusu hai, ambazo zikiharibika hakuna anayelia. Anajua modeli zipi hujaa kibandani. Asichokuwa nacho ni kompyuta yenye nafasi na mtu wa kukesha akisoma makosa ya keneli. Mtu huyo anasomea kompyuta chuoni, anaishi ghorofa mbili juu ya kibanda, na anatafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Wakichagua modeli moja tu, wakaomba msimbo wake kwa maandishi na kuandika kila walichojaribu, modeli hiyo imeshapata mlezi.