KIPARA CHA UJANANI: Kabla hujapandikiza nywele, soma hapa kwanza!

Mpenzi msomaji, kuna shikamoo za heshima na kuna shikamoo za maumivu. Ya maumivu ni ile unayopewa na msichana wa rika lako, kisa nywele za mbele zimeanza kuhama. Hujaoa, hujajenga, hata miaka thelathini hujafika, lakini kwenye daladala konda anakuita "mzee wangu, sogea nyuma". Utafanyaje? Unaitikia marahaba na kushuka kituo kinachofuata!

Wiki hii nakuandikia kutoka mbali kidogo. Niko Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, huku upande wa Ziwa Tanganyika jirani na Karema. Kabla Katavi haijamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ukitaka kueleweka ulisema tu "Mpanda" na watu wakaelewa. Watu wa huku wanaishi kwa samaki, mashamba na shaba. Lakini usidhani mambo ya kujipendezesha yanaishia Sinza na Kinondoni. Simu zimefika, na zile picha za "kabla" na "baada" zimefika nazo.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anahangaika na mawe ya shaba huku. Ana miaka 27. Kwenye paji la uso nywele zimerudi nyuma pande zote mbili, na utosini pameanza kupwaya. Juzi akaniita pembeni, akaniambia: "Mdogo wangu, wewe unaandika magazetini, niambie ukweli. Nimeweka hela ya kununua injini ya boti. Kuna jamaa wa kwenye simu ananiambia nitume kianzio, anipeleke Uturuki nikapandikizwe nywele. Nitume au nisitume?"

Kwa kuwa najua hayuko peke yake, jibu nililompa yeye nakupa na wewe.

KIPARA CHENYEWE KINATOKA WAPI?

Wapo wanaosema kipara kinaletwa na kofia ngumu za mgodini, wengine wanasema ni mawazo, wengine wanasema ni hela. Uongo mtupu. Kipara cha kawaida cha wanaume kinarithiwa, tena kutoka pande zote mbili za wazazi, siyo kwa wajomba tu. Mwili una homoni inayoitwa DHT. Mashina ya nywele za mbele na utosini kwa baadhi yetu hayaivumilii. Yanasinyaa mwaka hadi mwaka mpaka yanatoa malaika tu, halafu basi. Nywele za kisogoni na za pembeni ya masikio hazijali homoni hiyo. Ndiyo maana hata babu mwenye kipara kinachong'aa bado ana uzio wa nywele nyuma.

Na huo utani wa "kipara ni hela" tuuangalie. Juni 2017 nchini Msumbiji, wilayani Milange, polisi walilazimika kuwatahadharisha wanaume wenye vipara baada ya wenzao kuuawa kwa imani za kishirikina kwamba vichwani mwao kuna dhahabu. Kwa hiyo mtu akisema kipara kinamnyima raha, usimcheke.

NI KUHAMISHA, SIYO KUOTESHA

Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Daktari hana mbegu za nywele. Anachofanya ni kile kinachofanywa na wakulima wa tumbaku wa Mpanda: unang'oa mche kwenye kitalu, unaupeleka shambani. Kitalu chako ni kisogo, shamba ni kipara. Mche ukishang'olewa kisogoni, pale haurudi tena.

Ujuzi huu siyo wa jana. Daktari Okuda wa Japani aliuandika mwaka 1939, na mwaka 1959 Daktari Norman Orentreich wa New York akaeleza kwa nini unywele wa kisogoni unaendelea kuishi hata ukihamishiwa mbele: unakwenda na tabia yake ya kule ulikotoka.

Sasa piga hesabu. Madaktari wanagawa kipara katika hatua saba. Cha wastani, kama cha kaka yangu, ni hatua ya tatu au ya nne, na mara nyingi kinahitaji vishina 1,500 mpaka 2,500, kila kishina kikiwa na unywele mmoja hadi nne. Kitalu cha mtu mmoja kina vishina elfu chache tu vya kuhamisha kwa maisha yake yote. Ukivimaliza ukiwa na miaka 25, ukifika 40 utatoa wapi?

Maana upasuaji hauzuii kipara kuendelea. Vishina vilivyopandwa vitabaki mbele, lakini nywele zako za asili zilizo nyuma yake zinaweza kuendelea kukimbia. Mwisho unabaki na kisiwa cha nywele mbele na ziwa nyuma yake. Mcheza mpira Wayne Rooney alipandikizwa London mwaka 2011 akiwa na miaka 25, na mwaka 2013 akarudi tena kwa mara ya pili. Yeye alikuwa na mshiko wa Manchester United. Wewe je?

NYWELE ZETU NA ZAO

Unywele wa Mzungu umenyooka mpaka kwenye mzizi. Wetu wa kipilipili umejikunja hata chini ya ngozi, kama ndoana. Daktari asiyezoea nywele zetu akitoboa wima, anaukata mzizi katikati na mche unakufa kabla haujafika shambani. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, omba kuona kazi alizofanya kwa Waafrika wenzako.

Habari njema ipo. Kwa sababu ya kujikunja huko, kipilipili kinafunika ngozi vizuri kuliko nywele zilizonyooka. Vishina vichache vinaonekana vingi. Hapo tumebarikiwa!

Habari mbaya nayo ipo: makovu. Baadhi yetu watu weusi tuna ngozi inayotengeneza keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Jikague. Ulipotoga sikio palivimba? Ulipochanjwa au kukatwa na jiwe pakaota kinundu? Basi upasuaji wa nywele unaweza kukuachia vinundu kichwani badala ya nywele. Daktari makini atakupandikizia vishina vichache tu kwanza, asubiri miezi kadhaa, aone ngozi yako inasemaje.

Na wale wenye vipele sugu kisogoni baada ya kunyolewa, hao kitalu chao ni kigonjwa. Vitibiwe kwanza.

SIKU YENYEWE NI HIVI

Hulazwi usingizi. Unanyolewa, unapigwa sindano za ganzi kuzunguka kichwa, na hizo ndizo zinazouma kuliko kitu kingine chote. Baada ya hapo unasikia kama mtu anakugusagusa tu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza wanakata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, wanashona, kisha wanauchambua kishina kimoja kimoja. Inaacha kovu la mstari, kwa hiyo para la wembe utalisahau. Ya pili wanatoboa kishina kimoja kimoja kwa kifaa chenye tundu la kama milimita moja. Inaacha vidoa vidogo vingi. Njia zote mbili zinaacha alama. Anayekwambia "hakuna kovu" anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kazi inachukua saa nne mpaka nane, wakati mwingine siku mbili. Unakula, unasikiliza redio, unasinzia. Jioni unatoka na miguu yako.

WIKI ZA MWANZO: USIJE UKALIA

Siku ya pili mpaka ya nne, paji la uso linavimba, pengine mpaka macho. Unalala umeinua kichwa. Vigaga vinajaa, vinadondoka vyenyewe ndani ya siku kumi hivi. Marufuku kukuna, marufuku kuvaa kofia inayobana, marufuku kazi za sulubu, kuogelea na jua kali kwa wiki kadhaa. Sigara na pombe weka pembeni. Sasa niambie, mtu wa mgodini au wa boti atakaa wiki ngapi bila kazi? Hiyo nayo ni gharama.

Halafu inakuja kasheshe yenyewe. Kati ya wiki ya pili na ya sita, zile nywele ulizopandikizwa ZINADONDOKA. Karibu zote! Wengine hata za asili za jirani zinapukutika kwa mshtuko. Usikimbilie polisi. Unywele umedondoka lakini mzizi umebaki.

Mwezi wa tatu au wa nne zinaanza kuchungulia, nyembamba kama za mtoto mchanga. Mwezi wa sita unaona mabadiliko. Matokeo kamili ni baada ya mwaka, na utosini huchelewa zaidi. Hata hapo usitegemee kichwa cha kidato cha pili. Utapata nywele za kutosha kuondoa shikamoo, siyo msitu.

MADALALI NA BEI

Uturuki imepata sifa kwa kazi hii, na wapo mabingwa wa kweli kule. Vifurushi vinavyotangazwa mara nyingi ni vya dola 2,000 mpaka 4,000, yaani kuanzia kama milioni tano za kwetu, na hapo bado nauli. Ukitoka Kapalamsenga unapanda gari mpaka Mpanda, treni au basi mpaka Dar, ndipo ndege.

Tatizo ni kwamba kuna sehemu daktari anakusalimia asubuhi, halafu kisu anashika mtu mwingine asiye daktari. ISHRS, chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji huu, kimeendesha kampeni ya kutahadharisha watu kuhusu biashara hiyo. Kwa hiyo uliza: Nani atatoboa? Nani atapandika? Vishina vingapi, na vitabaki vingapi? Kukiharibika nitamwona nani nikiwa nimesharudi Katavi? Kama ni daktari wa Tanzania Bara, hakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Dalali asiyejibu haya, huyo anataka kianzio chako tu.

NJIA NYINGINE ZIPO

Minoksidili ni dawa ya kupaka. Ilianza kama dawa ya presha, ikagundulika inaotesha nywele. Unapaka kila siku, unasubiri miezi minne au zaidi, na ukiacha, ulichokipata kinaondoka. Finasteraidi ni kidonge cha kupunguza DHT, kiliidhinishwa Marekani kwa kipara mwaka 1997. Kinasaidia wengi kuzuia nywele zisiendelee kukimbia, lakini baadhi ya wanaume hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa. Mama mjamzito asishike vidonge vyake vilivyovunjika. Usinunue kienyeji, mwone daktari. Hata anayefanyiwa upasuaji mara nyingi huambiwa atumie dawa hizi ili kulinda nywele zilizobaki.

Dada zangu, nanyi msijifanye hamsikii. Nywele za pembeni zikiisha kwa sababu ya kusuka kwa kubana, dawa ya kwanza ni kuacha kubana. Kupandikiza huku unaendelea kubana ni kumwaga hela ziwani. Na kipara cha mabaka ya duara kinachotokea ghafla, au mashilingi yenye magamba, siyo kazi ya kupandikiza kabisa. Hospitali, tafadhali.

Halafu kuna wembe. Para safi linagharimu hela ya kinyozi tu, na wapo wanaozimikiwa nalo vibaya sana. Ila hilo liwe chaguo lako, siyo adhabu.

KAKA YANGU JE?

Tulipofika kwenye habari ya makovu, alinyamaza. Kisha akavua shati akanionyesha bega, pale alipokatwa na jiwe mwaka juzi. Kovu limevimba kama kidole gumba na bado linakua. Yule jamaa wa kwenye simu hakuwahi kumuuliza swali hilo hata siku moja. Alichouliza ni namba anayotumia kutuma pesa.

Kianzio hakijatumwa. Kaka amesema atapanda gari mpaka Mpanda, akaanze na daktari wa hospitali amwangalie lile kovu na kichwa chake, na akihitaji bingwa wa ngozi apewe rufaa. Akiambiwa ngozi yake inaruhusu, ataanza na dawa, aone kipara kinaelekea wapi, upasuaji utafuata akikaribia miaka 30 na kitu. Akiambiwa hairuhusu, injini ya boti itanunuliwa.

Mpenzi msomaji, sikukatazi. Aliyechunguzwa vizuri, akapata daktari anayejua kipilipili, na akavumilia mwaka mzima, anaweza kufurahi kila akijitazama kwenye kioo. Ila kumbuka kitalu ni kimoja na hakiongezwi. Usimkabidhi ufunguo wake mtu ambaye hajawahi hata kukushika kichwa.

Tukutane wiki ijayo. Kila la heri, na ukisalimiwa shikamoo, itikia kwa tabasamu!