Namba ya Ugonjwa Hairithiwi

Katika toleo la saba la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, la mwaka 1955, namba 331 ilikuwa ya kuvuja damu ndani ya ubongo, ambayo ni aina mojawapo ya kiharusi. Katika toleo la tisa, la mwaka 1975, namba 331 ilikuwa ya magonjwa yanayouchakaza ubongo, na ndani yake 331.0 ilikuwa ya Alzheimer. Mtafiti akiunganisha kumbukumbu za vifo za nyakati hizo mbili bila kutazama toleo, atawajumlisha waliopasuka mishipa ya ubongo na waliopotewa na kumbukumbu, na kompyuta haitamzuia.

Uainishaji huu ulitokana na orodha ya sababu za vifo ambayo Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha mjini Chicago mwaka 1893, na tangu 1948 unasimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa muda mrefu ulikuwa kitabu. Toleo jipya likitoka, namba zilipangwa upya ili zifuatane vizuri, na zilizoachwa wazi zikapewa magonjwa mengine. Kwa msomaji mwenye kitabu kimoja mezani hilo halikuwa na madhara. Madhara yalikuja pale kumbukumbu za miaka mingi zilipoanza kukaa katika kanzidata moja.

Wataalamu wa taarifa huita mfumo wa namna hii ontolojia pale unapozidi kuwa orodha: unapotaja dhana zilizopo, maana ya kila moja, na uhusiano wake na nyingine, kipi ni aina ya kipi na kipi ni sehemu ya kipi. Kanuni zinazoeleza umbo la maelezo hayo, kwa mfano kwamba kila ugonjwa lazima uwe na sura moja tu unamokaa, ndizo skima. Vyote viwili hubadilika, kwa sababu elimu hubadilika. Kazi ngumu ni kubadilisha bila kuharibu maana ya yaliyokwisha kuandikwa.

Kiharusi kinaonyesha ugumu huo vizuri kuliko ugonjwa wowote ninaoujua. Katika toleo la saba kilikuwa miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa fahamu. Toleo la nane likakihamishia kwenye magonjwa ya moyo na mishipa, kikabaki huko hadi toleo la kumi. Toleo la kumi na moja, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, limekirudisha kwenye mfumo wa fahamu. Mgonjwa ni yuleyule na ubongo ni uleule. Lakini katika toleo la kumi, herufi ya kwanza ya namba ilitaja sura: I ilikuwa moyo na mishipa, na kiharusi kisichobainishwa aina kilikuwa I64. Kukihamisha sura kulimaanisha kukibadilishia namba, na sasa ni 8B20. Ndiyo hasara ya kuipa namba maana: dhana ikihama, utambulisho wake unavunjika.

Mwaka 1998 daktari wa Marekani James Cimino alichapisha masharti ya istilahi bora za tiba, na mawili kati yake nayaona kuwa msingi wa yote. Kwanza, kitambulisho kiwe bubu, kisiseme lolote kuhusu dhana wala mahali pake. Pili, dhana ikishaingia isifutwe kamwe: inaweza kustaafishwa, lakini namba yake isipewe nyingine. Ontolojia ya Jeni, iliyoanzishwa mwaka huohuo na watafiti wa hamira, nzi wa matunda na panya, inafuata njia hiyo. Dhana isiyofaa tena huwekwa alama ya kustaafu, na inapowezekana huelekeza kwa mrithi wake.

WHO nao wamejifunza. Nyuma ya toleo la kumi na moja kuna hazina ya msingi ambamo kila dhana ina anwani yake ya kudumu na inaweza kuwa na wazazi wawili. Kiharusi kinaweza kuwa cha ubongo na cha mishipa kwa pamoja. Chaguo la sura moja linafanywa tu pale takwimu zinapotolewa, ili mtu asihesabiwe mara mbili. Na tarehe 28 Novemba 2022, WHO walipotangaza jina mpox badala ya lile lililotaja nyani, namba 1E71 haikuguswa. Jina la zamani liliachwa liendelee kutafutika, ili taarifa tangu mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu alipotambuliwa Kongo mwaka 1970 zisipotee.

Kanuni zikibadilika bila jina kubadilika, hatari ni kubwa zaidi kwa kuwa haionekani. Marekani walipojiandaa kuhamia toleo la kumi kwa takwimu za vifo mwaka 1999, vyeti vya vifo vya 1996 vilipewa namba mara mbili, kwa toleo la tisa na la kumi. Kwa vifo vilevile, mafua na nimonia vilishuka hadi takriban asilimia 70 ya hesabu ya awali, na Alzheimer ikapanda mara 1.55. Sehemu kubwa ya anguko la nimonia ilitokana na kanuni ya kuchagua sababu ya msingi ya kifo. Bila zoezi hilo, waziri angeweza kujipongeza kwa kushinda nimonia.

Kwetu jambo hili liko karibu. Kenya ilisambaza mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda zinautumia pia. Ndani yake kila kipengele cha taarifa kina kitambulisho bubu cha herufi na tarakimu 11, kilichotengwa na jina. Ulinzi huo unavunjika mtu akichukua kipengele cha "watoto chini ya miaka mitano" na kukiandika upya "chini ya mwaka mmoja" kwa sababu fomu imebadilika. Mchoro wa mwaka ujao utaonyesha ugonjwa umeshuka ghafla.

Wewe unayesimamia taarifa za wilaya au za wizara, maana ikibadilika unda kipengele kipya. Cha zamani kistaafishe, uandike tarehe, sababu na mrithi wake, na kwa kipindi kimoja kusanya vyote viwili sambamba.