Mwanafunzi Ugenini na Mlima Masaba

Kijana aliyetoka nchi ya mbali kuja kusoma Mbale, mashariki ya Uganda, kila asubuhi huukuta mlima umemtangulia kuamka. Mbele ya mji yamesimama majabali ya Wanale, na nyuma yake Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Huko ndiko uteremkako mto Nabuyonga, ukapita mjini humo humo anamonunua ndizi na sabuni.

Tangu Chuo Kikuu cha Kiislamu kilipofunguliwa Mbale mwaka 1988, vijana wa mataifa mengi wamepitia maisha hayo. Upweke wa ugenini haufichiki. Chakula ni kigeni: matoke, na malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya mlimani, yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi naye hujifunza kufua, kupika na kuhesabu fedha zake, asije akawaandikia wazazi barua za kuomba tu.

Likizo ifikapo, mlima humwita. Wengi huanzia Budadiri, wakaifuata njia ya Sasa. Safari ya kwenda na kurudi huchukua kama siku nne, pamoja na askari wa hifadhi na wachukuzi. Hulala kando ya mto Sasa, kisha penye pango la Mude, na siku ya tatu hukipanda kilele cha Wagagai, chenye kimo cha mita 4,321.

Hapo ndipo ujana hujaribiwa. Anayekimbia siku ya kwanza mara nyingi ndiye aumwaye kichwa siku ya pili, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na mwili unahitaji muda kuizoea. Kichwa kikizidi kuuma, mtu akitapika au akipepesuka, dawa ni kumteremsha upesi, naye asiachwe peke yake. Kuteremka si aibu. Askari wanaujua ukweli huo: kikosi huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu. Nguo za baridi na za mvua, maji ya kutosha na hatua za polepole ndizo silaha za mpandaji.

Kileleni huonekana shimo pana la volkano iliyozimika. Wakati wa kurudi, mgeni huziona tena shamba za kahawa na migomba zilizong'ang'ania miteremko mikali, naye huelewa jambo ambalo dirishani hakuliona. Machi 2010, udongo uliporomoka huko Nametsi, wilaya ya Bududa, ukafukia watu na nyumba zao. Mwishoni mwa Julai 2022, mvua kubwa iliifurisha mito ya Nabuyonga na Namatala, na watu zaidi ya ishirini wakafa Mbale na jirani zake. Mlima uliovuliwa miti hauzuii maji, na nyumba iliyojengwa ukingoni mwa mto hulala na hatari.

Basi barua ya kwenda nyumbani hubadilika. Badala ya kujisifu kwamba amefika juu, kijana huwaeleza wazazi wake nani alimngojea njiani alipochoka, na huwauliza kama miti ya mteremko wa kwao ingali imesimama.