MPAGAZI NAYE AKUMBUKWE

Kuna aina ya kikombe ambacho kikiwa baridi huonekana cheusi kitupu. Kikitiwa chai au kahawa ya moto, rangi ile ya juu hupotea, na nembo iliyochapwa chini yake hujitokeza. Kikipoa, nembo hujificha tena. Katika nchi mbalimbali askari wastaafu hupeana vikombe vya namna hiyo, vyenye nembo za vikosi walivyotumikia. Hatuoni ubaya wa jambo hilo, kwani aliyelinda nchi yake anastahili kukumbukwa.

Lakini tumejiuliza: kikombe hicho kama kingetengenezwa kwa ajili ya Tabora, kingechapwa nembo gani?

Tabora ni mji wa askari tangu zamani. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliwanyang'anya Wajerumani mji huo, na jemadari wao, Tombeur, baadaye akapewa ubaroni wenye jina la Tabora. Kabla ya kuundwa Jeshi la Wananchi mwaka 1964, kambi ya Tabora iliitwa Kalewa, jina la mji wa Burma ulioingiwa Desemba 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Leo kambi ya mji huo inaitwa Mirambo, jina la mtawala wa Kinyamwezi aliyefariki mwaka 1884. Badiliko hilo lilikuwa la haki.

Hata hivyo, hao wote ni wabeba silaha. Mbeba mzigo hana nembo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000, ilijengwa kwa nyayo zake. Wako waliokwenda kwa ujira, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili. Wako waliokwenda kwa minyororo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini vita vya 1914 viliwarudisha watu chini ya mizigo. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi, wakazikwa bila majina. Kikosi chao kimetuachia jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wengi hununua na kuuza bila kujua asili yake.

Nasi wa visiwani tusidhani kwamba haya ni ya bara tu. Mitaji ya misafara ilitoka Unguja, na pembe za ndovu zilivushwa kuja Unguja.

Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tunaipongeza Serikali kwa hatua hiyo. Lakini mgeni afikaye Kwihara huonyeshwa nyumba aliyokaa Livingstone. Waliombebea mizigo aonyeshwe wapi? Tunawaomba wahusika waweke katika kila kituo jiwe la mpagazi, lenye kutaja uzito wa mzigo wake na urefu wa safari yake, na masimulizi ya wazee yaandikwe wangali hai.

Nembo ya kikombe hungoja maji ya moto ndipo ionekane. Heshima ya mpagazi imekwisha kungoja vya kutosha.