Lwiro na Kinshasa: Mwendo wa Ndege ni Saa Ngapi?

Watoto wa Lwiro, penye nyumba za utafiti za IRSAC, shirika lililoanzishwa mwaka 1947, wameijua ndege kwa mlio wake kabla ya kuijua kwa kitabu. Maana uwanja wa Kavumu u jirani, kando ya njia iendayo Bukavu. Basi mwalimu akiwapa hesabu hii hawaiogopi: kutoka Kavumu hadi Kinshasa ni kilomita 1,500 hivi kwa mstari ulionyoka, ndege yaenda kilomita 800 kwa saa, itafika baada ya muda gani? Wote hujibu, saa mbili kasoro.

Karatasi imesema kweli, lakini rubani atawacheka. Ndege haipati mbio hizo mara iinukapo. Hupanda polepole, na ikikaribia hupunguza mwendo, huzunguka, hutafuta upepo wa mbele ndipo itue. Hesabuni saa mbili na robo. Katika safari fupi tofauti huzidi: Bruxelles na London hazipitani sana kilomita 320, wala hesabu haitoi nusu saa; hata hivyo safari hula karibu saa nzima.

Tena kuna jambo la saa za ukutani. Jua huwafikia watu wa Kivu kwanza, na saa ya Bukavu imetangulia ya Kinshasa kwa saa moja. Aondokaye Kinshasa saa tatu asubuhi hushuka Kavumu saa sita na robo, akadhani amekaa angani saa tatu na zaidi. Akirudi saa nane mchana, hufika saa tisa na robo! Na mtu wa Bruxelles akiondoka saa nne huweza kuwasili London saa nne ile ile.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari 1925, akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Lakini saa alizoruka hasa zilikuwa 75 na dakika chache. Siku nyingine zililiwa na matengenezo na hali mbaya ya hewa. Mwaka 1935, Sabena ilipoanza safari za kudumu, njia hiyo ilikuwa ya siku tano na nusu.

Kwa hiyo msiulize kilomita tu. Ulizeni pia kama uwanja u wazi. Mwezi Februari 2025 vita vilifika Kavumu, na ndege za abiria zikakoma. Watu wa Bukavu wenye haja ya Kinshasa, mji mkuu wa nchi yao wenyewe, wakalazimika kutafuta ndege katika nchi jirani. Mgonjwa aliyengojewa na daktari kule alipaswa kuwa kwanza na hati ya kuvukia mpaka.