Unauza rangi mtandaoni? Uliza kwanza lipu ina siku ngapi

Muuzaji wa Chake, Wete au Mkoani, mteja akikuandikia inboksi "nataka ndoo ya nyeupe, nyumba mpya," usikimbilie kutaja bei. Muulize: lipu imepigwa lini?

Lipu mbichi ina maji na alkali ya saruji, ile ile inayochoma mikono ya fundi. Ikipakwa mapema, rangi huvimba, hubabuka au hutoka unga mweupe wa chumvi. Na lawama haziendi kwa fundi, zinakuja kwako, tena kwenye komenti!

Mtumie haya:

1. Asubiri wiki 4 hivi. Masika, Machi hadi Mei, aongeze siku.
2. Abandike kipande cha nailoni ukutani, azibe kingo zote kwa selotepu, akiache siku nzima. Kikiwa na matone kwa ndani, bado.
3. Apige msasa, afute vumbi, apake praima ya kuzuia alkali. Ikikauka ndio rangi ya maji.
4. Rangi ya mafuta asiiharakishe, inafungia unyevu ndani.

Ndoo utaiuza kwa kuchelewa kidogo, lakini praima na msasa utauza pia, na mteja hatorudi na malalamiko. Bandika maelezo haya chini ya kila posti yako ya rangi.